Usaili wa msimamizi wa stoo: nakatwa katikati ya jibu, nirekebishe wapi?

mtunza_stoo

Habari zenu wakuu. Wiki ijayo nina usaili wa nafasi ya msimamizi wa stoo, naomba msaada wa jambo moja tu. Habari za mavazi, kufika mapema na kumtazama mtu machoni nimeshazisoma kwingi, hizo naziweza. Shida yangu ni kwamba kazi naijua, lakini nikiulizwa swali naanza kueleza, na kabla sijafika kwenye penyewe mwenyekiti wa jopo ananikata: "Sawa, tuendelee." Natoka mlangoni nikijua kabisa kwamba la maana sijalisema.

Ili msinipe majibu ya jumla, naweka swali lenyewe na jibu langu. Nimejirekodi kwa simu halafu nikaandika neno kwa neno.

Swali: "Tueleze wakati ambapo uligundua tatizo kazini na ukalitatua."

Jibu: "Asante sana kwa swali zuri. Kwanza niseme kwamba pale nilianza kama msaidizi wa stoo, na wakati huo tulikuwa bado tunatumia madaftari, mfumo wa kompyuta ulikuja baadaye. Sasa mfumo ulipokuja kulikuwa na changamoto nyingi, maana wengine hawakuwa wamezoea, na pia stoo yenyewe ni ya vipuri, na vipuri vina namba zinazofanana sana. Basi kila mwisho wa mwezi tukihesabu tunakuta mfumo unasema hivi na shelfu inasema vile. Mkaguzi anauliza, meneja naye anauliza, lawama zikawa nyingi, wengine wakadhani kuna wizi. Tukakaa kikao, ikaonekana tunatakiwa tufuatilie. Tukafuatilia, tukagundua vipuri vinavyorudishwa na mafundi vinawekwa moja kwa moja kwenye shelfu bila kuingizwa kwenye mfumo. Kwa hiyo tukaweka utaratibu mpya, hali ikawa nzuri, na mpaka leo ushirikiano ni mzuri na tunafanya kazi kama timu."

Na hilo ndilo toleo fupi. Tatizo liko wapi?

kijana_wa_wasifu

Dada, tumia STAR. Hali, jukumu, hatua, matokeo. Kariri mpangilio huo, kila swali upitishe humo, mchezo umekwisha.

mtunza_stoo

Asante kaka, hiyo naijua. Ukiangalia jibu langu, hali ipo, hatua zipo, matokeo yapo. Mbona bado nakatwa?

kalamu_nyekundu

Swali zuri hilo, na sisemi kwa adabu.

Nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka, kwenye rasilimali watu, na mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa naandika. Kwa hiyo sitakueleza unavyosikika, nitakueleza unavyoandikika. Waombaji wengi hawalifikirii hili: mbele yako kuna mtu ameshika kalamu, anakufuata kwa mkono. Karatasi yake ina swali, ina nafasi ya kuandika ulichosema, na chini kuna alama, mara nyingi 1 hadi 5, pamoja na maelezo ya jibu la 5 linavyotakiwa kuwa. Kwa swali lako maelezo hayo husomeka karibu hivi: "Alitambua chanzo mwenyewe, alichukua hatua, alionyesha matokeo yanayopimika."

Sasa tazama karatasi yangu ingekuwaje ukimaliza jibu lako:

"Alianza msaidizi. Daftari, kisha mfumo. Vipuri, namba zinafanana. Hesabu haziendani. Kikao. Marejesho hayaingizwi. Utaratibu mpya (upi?). Hali nzuri."

Na pembeni, kwa herufi kubwa: "YEYE ALIFANYA NINI?"

Hapo nakupa 2. Naweza kukupenda sana, naweza kuona kabisa kwamba kazi unaijua, lakini 2. Ukishatoka, kila mjumbe anasoma alama yake na tukitofautiana tunarudi kwenye maandishi. Mjumbe anasema "huyu dada anajiamini, mpe 4." Namuuliza ameandika nini cha kuitetea hiyo 4. Anageuza karatasi, hana kitu. Alama inashuka, na wewe uko kwenye gari unarudi nyumbani ukidhani wamekuonea.

Watu hulalamika kwamba wasaili wa siku hizi wako kama roboti, wanasoma maswali yaleyale kwa kila mtu. Ni kweli, na kuna sababu. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili uliopangwa, yaani maswali mamoja kwa wote na alama zilizofafanuliwa, ulitabiri utendaji kazini kwa kiwango cha 0.51 (0 ni kutotabiri chochote, 1 ni kutabiri bila kosa), na ule wa kupiga soga 0.38. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipiga hesabu upya. Ile 0.51 ikashuka hadi 0.42, ila usaili uliopangwa ndio ukatoka juu ya njia zote. Ndiyo maana ile karatasi haiondoki mezani.

Turudi kwako. STAR haina kosa, kosa ni mgawanyo. Umetumia zaidi ya nusu ya jibu kwenye hali, na sehemu kubwa ya hali hiyo haina kazi. Habari za madaftari, ifute. Kuanza kama msaidizi, futa, iko kwenye wasifu wako. "Changamoto nyingi" ni maneno ambayo kalamu yangu hata haigusi karatasi nikiyasikia. "Asante kwa swali zuri" futa pia, hasa ukiwa utalisema kwa kila swali.

Halafu hesabu hizi: tukakaa, tukafuatilia, tukagundua, tukaweka. Nani? Najua unaona haya kusema "niligundua" wakati mlikuwa wengi. Lakini kampuni haiajiri kikao chenu, inaajiri mtu mmoja. Pale mlipokuwa wote sema tulikuwa, na pale ulipokuwa wewe sema wewe. Usichukue kazi ya mwenzako, na yako usiigawe bure.

Kabla sijakuandikia lolote, nijibu haya. Tofauti zilikuwa ngapi, katika vipuri vingapi? Nani alitambua kwamba ni marejesho, na alitambuaje? Huo utaratibu mpya ulikuwa nini hasa, kiasi kwamba mimi nisiyejua stoo ningeweza kuufuata kesho? Na sasa tofauti ni ngapi?

fundi_pampu

Samahani wakuu, mimi nitapinga kidogo. Nilisailiwa na mhandisi mkuu ambaye hakuwa na karatasi wala kalamu. Alinionyesha mchoro wa pampu akaniambia niambie hapa kitaharibika nini kwanza. Tukabishana nusu saa, akaniajiri. Hizi fomula zinawafanya watu wote wasikike kama wametoka kiwanda kimoja. Nimewahi kukaa kwenye jopo nikamsikia mtu anasema "hali ilikuwa..., jukumu langu lilikuwa..., hatua nilizochukua ni..." nikajisemea huyu kakariri, tuone nikimtoa kwenye reli. Nikamuuliza swali moja la ndani, akakwama.

kalamu_nyekundu

Fundi, huyo alikwama kwa sababu alikariri sentensi. Anayekariri sentensi akikatwa katikati hana pa kushika. Mimi nasema ushike mambo yenyewe kichwani: namba, mpangilio wa matukio, uamuzi uliofanya na sababu yake. Sentensi zitajiunda palepale, zikiwa mbaya kidogo si neno.

Na kutaja majina ya vipengele kwa sauti, hapana kabisa. Mpangilio ni wako wa ndani, msikilizaji hapaswi kuuona.

Kwa huyo mhandisi wako asiye na karatasi, jambo moja bado linafanya kazi: anza na jibu, ndipo ueleze. Ukianza na jibu, yeye ndiye anachagua aingilie wapi. Ukianza na historia, unamlazimisha asubiri, na mtu mwenye haraka hasubiri, anakukata. Ndicho kinachompata mtunza_stoo. Mwenyekiti hamkati kwa ubaya. Ana waombaji wengine nje na maswali matano yaliyobaki, na hajui kama hadithi hii inakwenda mahali.

mtunza_stoo

Mkuu kalamu, umenifanya nicheke na nione aibu kwa pamoja. Majibu haya hapa.

Stoo ina aina za vipuri kama 1,800. Mwezi ule mbaya tofauti zilikuwa kwenye aina 43. Aliyetambua ni mimi. Wote walikuwa wanasema wizi, na mlinzi alishaanza kupekua mifuko. Mimi nilichukua ile orodha ya 43 nikaona kwamba 31 kati yake shelfu ilikuwa na vingi kuliko mfumo, si vichache. Mwizi haongezi mali. Nikachukua hati za kutolea za hizo 31 nikawafuata mafundi waliosaini, mmoja mmoja, wakaniambia kazi ilihitaji viwili wao walichukua vinne, vilivyobaki wakavirudisha shelfuni wenyewe ili wasinisumbue.

Utaratibu: kreti moja jekundu pembeni ya kaunta. Kipuri kinachorudi kinaingia humo kikiwa na lebo yenye namba ya kipuri, idadi, jina la fundi na kazi kilikotoka. Hakiendi kwenye shelfu mpaka aliye zamu akiingize kwenye mfumo, na kreti lazima liwe tupu kabla ya kukabidhi zamu. Mwanzoni mafundi walilalamika kwamba nawapotezea muda, nikakubaliana na msimamizi wao kwamba waweke lebo tu waondoke, kuandika kwenye mfumo ni kazi yetu. Baada ya miezi mitatu tofauti zilikuwa 6. Hizo 6 ni zile namba zinazofanana, bado tunazishughulikia.

Nimejaribu upya:

"Stoo yetu ya vipuri ilikuwa na tofauti kati ya mfumo na shelfu kwenye aina 43 kati ya 1,800. Niligundua chanzo ni vipuri vinavyorudishwa bila kuandikwa, nikaweka utaratibu wa kuvipokea, na baada ya miezi mitatu tofauti zikabaki 6. Nilichofanya ni kufuatilia hati za kutolea na kuzungumza na mafundi. Kisha nikaweka kreti la marejesho kaunta, kila kipuri kinaingia na lebo, hakiendi shelfuni mpaka kiandikwe, na kreti linakuwa tupu kabla ya kubadilishana zamu. Mafundi walipolalamika kuhusu muda, nilikubaliana na msimamizi wao kwamba wao waweke lebo tu, kuandika ni kazi yetu. Tofauti 6 zilizobaki ni za namba zinazofanana, nazo tunaendelea kuzishughulikia."

kalamu_nyekundu

Sasa hapa kalamu yangu inakimbia. Hii ni 4 bila ubishi.

Lakini umefuta kupita kiasi, na ulichofuta ndicho kilichokuwa cha kukupa 5. "Mwizi haongezi mali." Dada, hiyo umeniandikia mimi kwenye maelezo, halafu ndani ya jibu umeweka "kufuatilia hati na kuzungumza na mafundi," kitu ambacho mtunza stoo yeyote angesema. Kiwanda kizima kinatafuta mwizi, mlinzi anapekua mifuko, na mtu mmoja anaangalia orodha na kuona tofauti zinaegemea upande usiofaa kwa wizi. Hapo ndipo unaonekana unavyofikiri, na nafasi unayoomba ni ya usimamizi, wanatafuta mtu wa kufikiri. Irudishe, iweke mara tu baada ya sentensi ya kwanza na ya pili, kwa namna hii:

"Wengi walidhani ni wizi. Nilipoangalia orodha nikaona aina 31 kati ya 43 shelfu ina vingi kuliko mfumo, na mwizi haongezi mali. Nikafuatilia hati za kutolea za hizo 31, nikawauliza mafundi waliosaini."

Ile hati na wale mafundi sasa vina sababu ya kuwepo. Habari ya mlinzi kupekua mifuko usiiseme wewe, isije ikasikika kama unawasema waajiri wako. Wakiuliza hali ilikuwaje, ndipo useme, kwa upole.

Malalamiko ya mafundi umeyaweka vizuri, usiyatoe. Maelezo ya alama za usimamizi karibu kila mara yana kipengele cha kushughulika na watu wanaopinga, na umekijibu kabla hawajauliza.

Zile 6 zilizobaki pia umefanya vyema kuzitaja. Matokeo yaliyokamilika mno yananifanya nichimbe. Ila jiandae, kwa sababu nitakuuliza: "Hizo 6 mnazishughulikiaje?" Uwe na sentensi mbili tayari.

Ukimaliza, nyamaza. Hapa ndipo watu wengi wazuri wanaharibu. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walipima mazungumzo ya kawaida katika lugha 10, wakakuta kimya kati ya mtu kumaliza swali na mwenzake kujibu ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde kwa wastani. Tumezoea haraka hiyo. Sasa wewe umemaliza jibu, jopo limeinamisha vichwa, sekunde nne zinapita, moyo unakuambia hawajaridhika, unaongeza "na kwa kweli ushirikiano ni mzuri na tunafanya kazi kama timu." Wanaandika, dada! Wanaandika ile namba 6. Ukiongeza neno wataacha namba waandike "timu."

Kimya hicho ni halali yako pia kabla ya kujibu. "Naomba nifikirie mfano mzuri," kisha fikiri. Sijawahi kumpunguzia mtu alama kwa hilo.

subira_mingi

Naomba kudandia uzi. Haya mnayosema ni kwa maswali ya "tueleze wakati." Je, yale ya "ungefanya nini kama"? Hapo hakuna hadithi wala matokeo. Mimi huko ndiko ninakozama, naanza kusema inategemea, inategemea, mpaka naisha.

kalamu_nyekundu

Hiyo ni aina nyingine, na wasaili wanaijua kama aina nyingine. Gary Latham na wenzake waliiandika mwaka 1980: unampa mwombaji hali ambayo njia mbili zinavutana, unaona anachagua ipi. Kwa hiyo "inategemea" peke yake ni sawa na kukataa kuchagua.

Tuchukue ya hapahapa stoo. "Dereva ana haraka, anataka mzigo, aliyetakiwa kusaini hayupo. Ungefanya nini?" Jibu lianze na uamuzi: "Sitatoa mzigo bila saini, lakini sitamwacha dereva asubiri tu." Kisha cha kwanza utakachokagua: kama kuna mtu mwingine mwenye mamlaka ya kusaini, kama anapatikana kwa simu na utaratibu unaruhusu idhini ya namna hiyo. Kisha mpaka wako uko wapi: "Kukiwa hakuna, nampigia meneja, uamuzi unakuwa wake, nami naandika saa na jina." Kama kweli kuna jambo litakalobadilisha uamuzi, litaje moja, useme lingeubadilisha vipi. "Ingekuwa ni dawa ya dharura ningempigia meneja kwanza, kabla ya kutafuta mtu mwingine yeyote." Moja linatosha. Ukitaja matatu umerudi kwenye kuzama.

Na kama hali hiyo imewahi kukutokea kweli, sema mwishoni kwa sentensi moja. Wengi hawakatazi, na kalamu itaandika.

fundi_pampu

Hapo kwenye kutaja mpaka wako nakubaliana nawe mia kwa mia. Kijana akiniambia angefungua pampu mwenyewe bila kuuliza umeme umezimwa na nani, mazungumzo yameisha.

mtunza_stoo

Nimejirekodi tena na ile ya mwizi ndani yake, ni dakika moja na sekunde arobaini, na sijakimbia. Swali la mwisho mkuu: naruhusiwa kuingia na karatasi yenye namba zangu? Nikiwa na wasiwasi namba ndizo zinaruka kwanza.

kalamu_nyekundu

Muulize aliyekuita kwenye usaili, kwa ujumbe, kabla ya siku yenyewe. Wengi watakuambia sawa. Iwe karatasi moja, maneno machache kwa kila mfano: "43/1,800, 31 zimezidi, kreti, lebo, zamu, 6." Usiandike sentensi hata moja, utaisoma. Iweke mezani wazi tangu ukiketi, kwa sababu karatasi inayotolewa mfukoni katikati ya swali inamshtua kila mtu. Nami nikiwa naandika, nikikuona unachungulia namba, najua namba hiyo haikutungwa palepale.

Mfano wa pili tayarisha wa mgogoro na mtu, na wa tatu wa kazi iliyochelewa. Uilete hapa kabla ya wiki kuisha, nitaipitia.